Sura ya Sita: Lakiri Isiyovunjwa

Gari la polisi lilikuwa limeshatoka Bengaluru. Watu wawili waliokuwa ofisini walilijua hilo, na wote wawili walizungumza kana kwamba hawalijui.

Girija Hebbar, mpelelezi wa Wizara ya Ulinzi, alikaa karibu na dirisha akipoza kahawa. Aliimimina kutoka bilauri ya chuma kwenda bakuli lake na kuirudisha, taratibu, bila kumwaga tone. Mbele yake, upande wa pili wa meza, alikaa Daktari Raghottam Karanth, mkuu wa mradi wa rada, mtu mrefu mwenye nywele nyeupe ambaye usingizi ulikuwa umemkimbia tangu sikukuu ya Kihindu ya Dasara ipite. Kati yao palikuwa na barua moja. Ikishatiwa saini, mhandisi Mudassir Khazi angekabidhiwa polisi jioni ile ile kwa kosa la kuhujumu chombo cha jeshi. Na mtu akishaandikwa jina lake kwenye hujuma, hata akiachiwa kesho yake, hakuna mlango wa kazi utakaomfungukia tena katika nchi nzima.

"Sisemi hivi kwa sababu ya jina lake, Bi Hebbar," alisema Karanth.

"Sijasema unasema."

"Watu wengine watasema."

"Wengine wakisema tutawasikia. Nieleze tena hiyo rada. Mimi si mhandisi, nieleze kama unavyomweleza mama yako."

Karanth akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Mama yangu angeniuliza kwanza kama nimekula."

"Umekula?"

Hakuwa amekula. Girija akafungua kopo lake la chakula, akamgawia nusu ya wali wa ndimu kwenye kifuniko, naye Karanth akaanza kueleza huku akila kwa vidole, na sauti yake ikapata nguvu kidogo kidogo.

Rada zile kuukuu zilizokuwa mipakani, alisema, zilifungwa enzi za baba zao. Vipuri vyake havitengenezwi tena popote. Moja ikifa inachunwa kama ng'ombe ili nyingine iishi mwaka mmoja zaidi. Hii mpya ilikuwa ichukue nafasi yao zote. Ilikaa juu ya lori, iliona ndege zilizo mbali kuliko mji wowote wa jimbo, na ilikuwa na uwezo wa kuhama. Asubuhi iko hapa, jioni iko kwingine kabisa. Kila ikisimama huteremsha miguu minne ya jeki na kujisawazisha yenyewe, ikifuata pimamaji ya umeme iliyofungwa ndani ya kisanduku chini ya antena. Pimamaji ikisema sawa, miguu inatulia, na kazi inaanza.

Kabla ya Dasara ilifaulu kila jaribio. Baada ya Dasara ikaanza kusema uongo. Ndege zilizokuwa mbele ya lori ilizitaja kuwa juu kuliko zilivyokuwa, na zilizokuwa nyuma ilizitaja kuwa chini. Kwa ndege za karibu kosa halikuonekana. Kwa zile za kilomita mia tatu, lilifika mita mia sita.

"Mita mia sita ni nini kwa rubani?" Girija aliuliza.

"Ni kuwa hai au kutokuwa hai."

Wiki iliyofuata majenerali walikuwa wanakuja kuitazama.

Girija akamuuliza kama kosa lisingeweza kuwa la vile vilima vya mawe vilivyouzunguka uwanja wa majaribio. Karanth akatikisa kichwa. Waliligeuza lori likatazama kusini badala ya kaskazini, na kosa likageuka pamoja nalo. Wakalipeleka mahali pengine kabisa, upande wa Kolar, na kosa likasafiri nalo.

"Basi vilima havina hatia. Na hesabu zilizomo kwenye kompyuta?"

Hapo ndipo jina la Khazi lilipoingia. Programu ya kusawazisha aliiandika yeye. Waliilinganisha na nakala iliyofungiwa makao makuu, neno kwa neno, tarakimu kwa tarakimu, wakakuta hakuna tofauti.

"Alifuta nyayo zake," alisema Karanth.

"Au hakuwa na nyayo."

Karanth akaokota punje za mwisho za wali. Kisha akarudia yale ambayo Girija alikwisha kuyasikia kwa watu kadhaa. Siku ya sikukuu Khazi alikuwa peke yake bandani na rada. Aliiomba zamu ile mwenyewe. Aliwaambia wenzake kwamba kwake haikuwa sikukuu, basi waende makwao wakale na watoto wao. Siku ile walimshukuru, wengine wakamwahidi kumletea vitamu. Sasa shukrani ile ilikuwa imegeuka kidole cha kumnyooshea. Zaidi ya hayo, askari wa lango alisema kwamba alasiri alisikia mlango mkubwa wa banda ukivingirishwa, ukafungwa, na baada ya muda ukavingirishwa tena. Khazi alipoulizwa alisema aliufungua ili hewa iingie. Alipoulizwa kama kuna mtu aliyeingia, alisema hakuna.

Girija ndiye aliyemuuliza, na alimuuliza zaidi ya mara moja. Kila mara kijana alitazama viatu vyake. Ni mtu asiyejua kudanganya, Girija alikuwa amewaza wakati ule, na mtu asiyejua kudanganya anapodanganya kuna jambo. Lakini jambo gani, hakulijua.

"Asubuhi ya sikukuu, kabla watu hawajatawanyika, mlilifanyia nini lori?"

Karanth alieleza bila haya, maana hakuna kiwanda cha kule kisichofanya hivyo siku ya kuvipa heshima vyombo vya kazi. Waliliosha. Walilipaka manjano na unga mwekundu, wakalivika mashada ya maua kuanzia antena mpaka bampa. Waliweka ndimu chini ya kila gurudumu, dereva akazikanyaga. Wakapasua boga jeupe mbele yake. Halafu wakagawana vitamu.

Girija akaweka bilauri chini. "Ndimu. Haiwezekani kitu kilibaki chini ya jeki mojawapo?"

"Hata ukiweka tofali zima chini ya jeki, pimamaji italiona na jeki itajirekebisha. Ndiyo kazi yake hiyo." Karanth alisema hivyo kwa upole, kama mwalimu asiyetaka kumvunja moyo mwanafunzi. "Nilishazifikiria hizo ndimu, dada yangu. Nilizifikiria hata kitandani."

Ndimu zikaachwa. Hata hivyo Girija aliomba kuona picha ya siku ile, na Karanth akampa simu yake. Watu wote wa mradi walisimama mbele ya lori lililojaa maua, wanaume kwa wanawake, na kila paji la uso lilikuwa na alama nyekundu. Paji la Karanth lilikuwa nayo. Hata Khazi alikuwa nayo, ndogo, pembeni kidogo, kama iliyowekwa na mtu aliyekuwa anamtania. Mwishoni kabisa mwa mstari, nusu nje ya picha, alisimama mwanamke mnene mwenye miwani na sari ya kijivu. Paji lake lilikuwa tupu.

"Huyu ni nani?"

"Mama Kamalakshi, mkaguzi wetu wa ubora. Anastaafu mwezi ujao."

"Mbona hana alama?"

Karanth akasita. "Ni mjane. Unga mwekundu si wa wajane, unajua mwenyewe mambo yetu. Hakuna aliyemzuia. Ila hakuna aliyempa."

Girija alijua. Akaitazama ile picha kidogo zaidi, kisha akarudisha simu.

"Turudi kwenye hesabu zetu. Vilima tumeviachia. Programu ni safi. Kimebaki nini?"

"Pimamaji yenyewe. Lakini hiyo imo ndani ya kisanduku chenye lakiri, na lakiri haijavunjwa. Tuliitazama hiyo kwanza, kabla ya kitu kingine chochote."

"Kuna njia ya kujua kama lori limekaa sawa bila kuiuliza hiyo pimamaji?"

Karanth akafikiri. Kulikuwa na vyombo vya wapima ardhi, vya kuagizwa mjini. Vingefika kesho. Girija akatazama dirishani, akaona kwamba Karanth naye ametazama huko huko. Karibu na lango fundi mwashi alikuwa akijenga ukuta, na juu ya tofali zake palikuwa na pimamaji ya mbao, ya kawaida, yenye kiputo ndani ya kichupa.

"Haiwezi kuwa na usahihi wa kutosha," alisema Karanth. Kisha akasema, "Inaweza." Akainuka, akatoka mwenyewe kwenda kuiazima.

Lori lilikuwa limesimama kwenye uwanja wazi, miguu yake minne imekita ardhini, antena imeinuliwa. Kwenye kioo cha chumba cha kuongozea taa ya kijani iliwaka kuonyesha kwamba rada imekaa sawa. Karanth akapanda juu, akafuta kitako cha antena kwa leso yake, akailaza pimamaji ya mwashi kutoka mbele kwenda nyuma. Girija alipanda kwa shida, sari ameibana kiunoni, akainama pembeni yake.

Kiputo kilikimbilia nyuma. Hakikwenda mbali, lakini kilivuka mstari, na kila mtu mwenye macho angekiona. Karanth akaigeuza pimamaji, mkia ukawa kichwa, ili awe na hakika kwamba si yenyewe iliyopinda. Kiputo kikakimbilia nyuma tena.

"Lori limeinamisha pua," alisema polepole. "Na pimamaji yetu inaapa kwamba limekaa sawa."

"Basi mwongo tumempata. Nionyeshe nyumba yake."

Kisanduku kilikuwa chini ya kitako, kidogo, cha chuma cha rangi ya kijani. Waya mwembamba wa shaba ulipita kwenye matundu ya skrubu za kifuniko, ncha zake zimebanwa ndani ya kipande cha risasi chenye mhuri. Karanth alisema kweli, lakiri ilikuwa nzima. Girija aliitazama mpaka magoti yakamuuma. Kisha akaomba aonyeshwe lakiri nyingine za lori, naye Karanth akamzungusha kutoka kisanduku kimoja hadi kingine.

Zote zilitiwa siku moja, kabla ya masika, Karanth alisema. Mvua ilizipiga zote, vumbi jekundu la barabara ya majaribio likaziingia. Risasi zake zilikuwa zimefifia zikawa kama majivu, na waya zake zilikuwa nyeusi. Girija akarudi kwenye kisanduku cha pimamaji.

"Tazama waya huu, Daktari. Usinitazame mimi."

Waya ulikuwa bado unang'aa kama kidani kipya.

Karanth akaugusa, akaondoa mkono haraka kama ameungua. Alikuwa ameipita lakiri ile mara nyingi. Kila mara aliuliza kama imevunjwa, na jibu lilikuwa haijavunjwa, na lilikuwa jibu la kweli.

"Mhuri ni wa nani?" Girija aliuliza, ingawa alikwisha kukisia.

"Wa Mama Kamalakshi. Koleo la lakiri analo yeye tu. Analifunga kiunoni pamoja na funguo za nyumbani kwake."

"Khazi angeweza kuliazima?"

"Hata mimi hajawahi kuniazima."

Girija alishuka kwenye lori, akamwomba Karanth asimwambie mtu neno lolote na asitie saini kitu. Kisha akaenda peke yake kwenye chumba cha ukaguzi.

Mama Kamalakshi alikuwa anakula. Mbele yake palikuwa na tonge la ugali wa wimbi na mchuzi wa dengu, na pembeni chupa ya chai iliyofungwa vizuri kwa kitambaa. Alipomwona mgeni alisogeza kiti, akanawa mkono, akataka kumgawia. Girija alisema ameshakula, mama yule akasema huko si kula, na mwisho Girija akapokea kipande cha ugali, akakimeza na mchuzi bila kutafuna, kama inavyotakiwa.

Walizungumza kwanza kuhusu kustaafu. Binti yake alikuwa Mysuru na chumba kilikuwa tayari. Kisha Mama Kamalakshi akaisogeza ile chupa.

"Utamwona Mudassir wewe? Wananiambia ana homa, wamemweka nyumba ya wageni. Nimemtengenezea mchuzi wa pilipili manga. Wakipika wao wa jikoni ni maji matupu."

Girija akaishika chupa ile. Ilikuwa ya moto. Alikuwa amekuja na maswali yake yamepangwa, lakini aliyaacha.

"Hana homa, dada. Amezuiwa. Wanasema ameiharibu rada. Polisi wako njiani kuja kumchukua."

Mama Kamalakshi alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua.

"Nani kasema?"

"Kila mtu. Siku ya sikukuu alikuwa peke yake. Mlango wa banda ulifunguliwa, na yeye anasema hakuna aliyeingia."

"Anasema hakuna?"

"Nimemuuliza tena na tena. Hakuna."

Mwanamke yule alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sari, akaivaa, akaivua tena. Nje mwashi aligonga tofali.

"Niliingia mimi," alisema Mama Kamalakshi.

Akaeleza, na Girija alimwacha aeleze kwa njia yake. Asubuhi ya sikukuu alisimama pembeni kama alivyozoea tangu mumewe afariki. Hakukasirika. Hakuna aliyemfanyia ubaya, watu walikuwa na furaha zao. Lakini alipofika nyumbani hakuweza kukaa. Mumewe alikuwa fundi wa rada kuukuu, miaka mingi, kule jangwani mpakani. Chumba cha rada ile kilikuwa tanuri. Feni zilikufa, vipuri havikuja, nayo ilipofuka katikati ya zamu walikuwa wanaipiga ngumi ubavuni mpaka ione tena. Moyo wake ulisimama akiwa kwenye kiti chake. Katika mfuko wa shati lake walikuta kibati cha shaba chenye michoro ya ibada, chembamba, alichopewa na mama yake alipoajiriwa.

"Nilitaka hii mpya iwatunze watoto watakaoikalia," alisema. "Mimi nimeikagua kila skrubu. Nilitaka na mimi niipe kitu, maana wote waliipa. Nikarudi alasiri. Mudassir akanifungulia."

"Ulikiweka wapi?"

"Chini ya pimamaji. Nilisema, hapo ndipo inapojua dunia iko wapi. Nililegeza skrubu, nikakipenyeza upande wa mbele, nikazikaza kwa kipimo chake, nikatia lakiri upya." Akainua kidole gumba. "Ni chembamba kama ukucha, mdogo wangu. Lori lile zito hivyo. Najua skrubu iliyokaza na iliyolegea. Hesabu za angani hakuna aliyenifundisha."

"Na rada ilipoanza kukosea?"

"Waliniambia ni kompyuta. Hakuna aliyeniuliza. Lakiri yangu ilikuwa nzima, nani angeniuliza?" Alikuwa ameanza kulia, lakini bila sauti, na mikono yake ilikuwa imeshaanza kufungua koleo kiunoni. "Nionyeshe wapi pa kusimama. Twende nikaifungue mbele yao."

Alikata lakiri yake mwenyewe, Karanth akiwa amesimama pembeni. Hakutaka kusaidiwa. Aliinua kifuniko, akalegeza skrubu, akaingiza ubapa wa bisibisi, na kibati kikatoka, chekundu kama kipya. Karanth akakipokea kwa mikono miwili. Alikipima kwa macho, akanong'ona hesabu, na Girija akamwona anafika kwenye mita mia sita. Mama Kamalakshi akazikaza skrubu. Jeki zikaguna, lori likainua pua yake, kidogo sana, na kiputo cha mwashi kikaja kukaa katikati. Alasiri ile ndege ya jeshi ilipita mbali mashariki, kisha magharibi, rubani akitaja kimo chake kwa redio na rada ikitaja cha kwake. Mara zote mbili walikubaliana.

Hakuna aliyeshangilia. Karanth aliichukua barua mezani kwake akaichana, kisha akauliza jambo ambalo Girija alikuwa analitazamia.

"Lakini kijana alitudanganya. Hilo nalo ni kosa. Na kuna swali moja. Mama anafungua kisanduku, analegeza skrubu, anatia lakiri. Yeye yumo humo humo bandani. Aliona, akanyamaza?"

Hilo ndilo lililokuwa limebaki, na Girija alilijua. Kama Khazi aliona, basi aliliacha kosa liishi huku akijua lilipo, na barua ile ingeandikwa upya. Polisi walikuwa wameshafika. Gari lao lilionekana langoni, dereva anaomba maji.

Khazi alikuwa nyumba ya wageni, amekaa kitandani, begi lake dogo limefungwa tayari. Askari aliyemlinda alikuwa amempa nusu ya gazeti lake, na nusu nyingine anaisoma yeye mlangoni. Girija akaingia, akakaa kwenye stuli. Hakumwambia lolote kuhusu kilichotokea.

"Nitakuuliza mara ya mwisho, na hii ndiyo nitakayoiandika. Siku ya sikukuu, kuna mtu aliyeingia bandani?"

Kijana alitazama dirishani, akaliona gari la polisi. Kisha akatazama viatu vyake.

"Hakuna, madamu."

"Una hakika? Wale pale wamekuja kukuchukua."

"Nawaona. Hakuna aliyeingia."

Mlango ulisukumwa. Mama Kamalakshi aliingia na chupa yake kifuani, na Karanth nyuma yake. Khazi akainuka wima kama mwanafunzi.

"Mwanangu," alisema mama yule, "uongo ulionisemea unatosha. Mwambie."

"Amma, si ungekaa tu kwako? Pensheni yako..."

"Mwambie, nimesema. Nimeshawaambia mimi."

Khazi akamtazama Girija, kisha Karanth, kisha akakaa tena. Alipozungumza hakutazama viatu. Alisema kwamba Mama Kamalakshi alikuja alasiri, amevaa sari ya hariri, akasema anataka kuomba kidogo mbele ya rada. Kanuni ilikataza mtu kuingia siku ya mapumziko. Yeye alifungua, na aliyevunja kanuni ni yeye, si mama.

"Alikaa muda gani?" Girija aliuliza.

"Wa kutosha."

"Uliona alichofanya?"

"Hapana."

"Banda zima ni chumba kimoja, Bwana Khazi. Ungewezaje kutoona?"

Kijana alishangazwa na swali, kana kwamba jibu lake lilikuwa wazi kwa kila mtu.

"Nilimpa mgongo, madamu," alisema. "Mtu akiomba hatazamwi."

Girija aliandika maneno hayo kama yalivyo. Alipoinua kichwa, Karanth alikuwa ameshatoka, na dirishani alionekana anavuka uwanja kwa hatua ndefu, akielekea langoni kuwaambia polisi warudi.